Kekeo Hajalia

Mwaka wangu wa kwanza Tokachi
nilipanda mwezi wa nne, kama kwetu kusini,
ambako mbegu ikikudondoka njiani asubuhi
jioni unarudi unaikuta imesimama.
Hapa theluji ilikuwa imejikunyata kando ya ghala
kama mgeni aliyekwisha kuaga na hatoki.
Mama mkwe Toyo alinitazama toka mlangoni,
akaendelea kumenya kiazi.

Wiki tatu. Nikafukua kwa kidole:
edamame zangu zimevimba, zimelainika,
zanuka kama kitambaa cha vyombo kilichosahauliwa.
"Umezizika," akasema.
"Kupanda ni kitu kingine."

Basi nikafundishwa, ingawa si kwa maneno.
Maneno Toyo aliyawekea akiba
kama kuni za Februari.
Alikunja mkono wa shati, akazamisha kiwiko udongoni,
akahesabu pumzi kumi.
Kiwiko kikiuma, twende tukanywe chai.
Kisipouma, tungoje siku tatu, tujaribu tena.
Kisha akaelekeza kidevu mlimani:
bado umejitanda theluji mabegani.
Kisha akatega sikio msituni:
kekeo hajalia.

Nami damu ilinichemka, maana hesabu naijua.
Jalidi ya mwisho, wiki ya kwanza ya Juni.
Jalidi ya kwanza, Septemba haijafika ukingoni.
Kati yake siku mia na ushei,
na mbegu ya mapema, ile yenye maganda ya manyoya meupe,
yadai themanini.
Toa. Kinachobaki ni kiganja cha siku
za mvua, za njiwa, za makosa.
Ukiwahi, udongo utazila.
Ukichelewa, jalidi itazila zikiwa na maganda matupu.
Haraka haraka haina baraka, nakubali,
lakini na ngoja ngoja huumiza matumbo,
na huku kwetu methali zote mbili
zinalala kitanda kimoja, zikivutana blanketi.

Toyo alifariki Januari.
Ardhi ilikuwa imeganda kimo cha mtoto wa shule,
majivu yake yakangoja ndani, rafuni,
karibu na mbegu.
Miezi mitano vyombo viwili bega kwa bega,
kimoja cha kaure, kimoja bati la biskuti,
na asubuhi moja ya giza, anisamehe,
nilikosea kufungua.

Sadaharu, mwanawe, mume wangu,
amenunua kipimajoto chenye sindano ndefu.
Anakichoma shambani kutwa mara sita
kama daktari asiyemwamini mgonjwa.
Kumi na mbili, anasema. Kumi na mbili na nusu.
Twataka kumi na tano.
Jirani Omiya ametandika nailoni nyeusi, keshapanda,
anapita na trekta akitupungia mkono
taratibu mno.
Sadaharu hamtazami.

Mimi nakunja mkono wa shati.

Leo, tarehe tatu Juni, tulikuwa tukigombana
juu ya nani alipoteza kamba ya kunyooshea safu,
hata nusu ya mlio wa kwanza hatukuusikia.
Ule wa pili ulitoka nyuma ya miti ya magome meupe:
ka-ko.
Sadaharu akaweka kipimajoto chini bila kukisoma.

Tumepanda mbegu kavu, hazilowekwi,
huku zikilowekwa hupasuka zikaoza.
Tatu tatu kila shimo,
kina cha pingili moja ya kidole,
juu yake kitambaa chepesi cha kuwafukuza njiwa,
mawe pembeni. Nusu ya bati tu.
Nusu nyingine baada ya siku kumi,
maana hata kekeo amewahi kutudanganya.

Alhamisi kuhani atakuja, tutapanda kilimani
na kile chombo cha kaure.
Agosti, maji yachemke kwanza ndipo uende kuchuma:
hilo nalo alilisema yeye, mara moja tu.

Kwenye safu ya mwisho nilizamisha kiwiko
bila haja yoyote.
Hakikuuma.
Nikakiacha humo, zaidi ya pumzi kumi.